Jiwe la Manjano na Umeme wa Jua

Maandishi ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Yeyote aliyepata kutembea katika machimbo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, kuanzia Geita hadi Kahama, yamkini amewahi kuonyeshwa jiwe zito la manjano limetalo kama shaba iliyosuguliwa, lenye pembe zilizonyooka mfano wa kete iliyochongwa kwa makusudi. Mchimbaji mgeni hulikumbatia. Mchimbaji mzoefu hulipiga nyundo. Dhahabu ikigongwa hutandazika. Jiwe hili huvunjika vipande na kutoa cheche. Likikwaruzwa juu ya kigae kisichopakwa rangi, dhahabu huacha mstari wa manjano, ilhali jiwe hili huacha mstari mweusi wenye ukijani. Waingereza huliita dhahabu ya wapumbavu. Wataalamu wa madini huliita pairiti, jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana ya moto, kwa ajili ya cheche zile.

Pairiti ni chuma na salfa, basi. Kwa kila atomi moja ya chuma pana atomi mbili za salfa. Chuma ni kile kile cha jembe, na salfa ni ile ile ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi huipulizia mikorosho ili kuizuia na ubwiriunga. Hakuna katika jiwe hili kitu chochote adimu, na hapo ndipo habari yake inapoanzia.

Mazungumzo haya yanahusu juhudi za wanasayansi, zilizoendelea kwa miaka arobaini na ushei, za kuligeuza jiwe hili kuwa utando mwembamba wa kupokea mwanga: kwanza kwa kuzalisha umeme wa jua, na pili kwa kuzipatia mashine macho. Yanaletwa mbele ya wanaushirika kwa sababu ya swali lililo la kawaida sasa katika mikutano mikuu. Chama kina fedha kidogo za kununulia mabamba ya umeme wa jua kwa ajili ya ghala, mizani na ofisi. Mwanachama mmoja husimama na kusema kwamba amesikia vitu vya bei nafuu zaidi vinakuja, basi kwa nini chama kisingoje? Katibu aulizwaye swali hilo hadharani hana budi kujua ni kitu gani kinangojwa, na kimefika wapi.

KWA NINI JIWE HILI LILITAMANIWA

Mwanga wa jua hufika ardhini kwa chembechembe ziitwazo fotoni, na kila fotoni huwa na nguvu kwa kadiri ya rangi yake. Ya zambarau ina nguvu nyingi, nyekundu ina nguvu kidogo, na ile ya infraredi, isiyoonekana kwa jicho, ina nguvu kidogo zaidi. Fotoni ikiingia katika semikondakta, yaani kitu ambacho si kipitishi kizuri cha umeme kama shaba wala si kizuizi kamili kama kioo, huweza kuing'oa elektroni mahali pake na kuiacha huru kutembea, mradi nguvu yake inatosha. Kiasi cha chini kabisa cha nguvu kinachotakiwa ili elektroni ing'oke huitwa pengo la nishati. Fotoni dhaifu kuliko pengo hilo hupita bila faida. Iliyo na nguvu kupita kiasi hulipa deni na ile ziada hupotea kuwa joto.

Katika silikoni, ambayo ndiyo itumikayo katika mabamba karibu yote yauzwayo madukani, pengo hilo ni elektronivolti 1.12. Katika pairiti ni kama 0.95. Viwango hivyo vinakaribiana, na vyote viwili vinafaa kwa mwanga wa jua. Tofauti kubwa ipo katika wepesi wa kuumeza mwanga. Silikoni huumeza polepole, kama mfinyanzi unavyoyameza maji ya mvua, ndiyo maana vipande vyake hukatwa kwa unene wa kama milimita 0.15. Pairiti humeza kama mchanga mkavu. Utando wake wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya maikromita, na maikromita yenyewe ni sehemu moja ya elfu ya milimita, unatosha kuinasa sehemu kubwa ya mwanga uonekanao.

Makatibu wamezoea kuamini mizani kuliko maneno, kwa hiyo inafaa hesabu hiyo ifanywe. Mita moja ya mraba ya silikoni, kwa unene uliotajwa, ina uzito wa gramu 350 hivi. Pairiti ina uzito wa gramu 5 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo mita moja ya mraba ya utando wake ni nusu gramu. Hekta nzima ingefunikwa kwa kilo 5. Hata unene ukizidishwa mara kumi ili pasiwe na shaka, hekta hiyo ingehitaji kilo 50, nao ni uzito wa mfuko mmoja wa saruji.

Hesabu za namna hii ndizo zilizowavuta watafiti wa Taasisi ya Hahn-Meitner huko Berlin, Ujerumani, ambako Ahmed Ennaoui, Helmut Tributsch na wenzao waliichunguza pairiti katika miaka ya 1980. Mwaka 2009 hamu ilifufuka upya. Cyrus Wadia, Paul Alivisatos na Daniel Kammen wa Berkeley, California, walivilinganisha vitu 23 vinavyoweza kugeuza mwanga kuwa umeme, wakauliza maswali mawili yaliyo rahisi kama ya mnunuzi sokoni: kinapatikana kwa wingi gani, na kukichimba ni gharama gani? Pairiti iliongoza. Vitu vingine vilivyokuwa vikitumika kwa tando nyembamba, kama indiamu na teluriamu, ni adimu duniani. Chuma na salfa si adimu popote.

JINSI VIFUWELE VINAVYOPIKWA

Msikilizaji anaweza kudhani kwamba jiwe husagwa, likapakwa juu ya kioo, kazi ikaisha. Sivyo. Pairiti ya machimboni aghalabu imechanganyika na aseniki, kobalti, nikeli na shaba, na semikondakta haivumilii uchafu. Atomi chache ngeni katika kila milioni zinaweza kuibadili tabia yake yote, kama harufu ya mafuta ya taa katika gunia moja inavyoweza kuiharibu kahawa ya ghala zima. Hivyo wanasayansi huacha jiwe wakaanza upya na chuma safi na salfa safi, na badala ya kutafuta bonge huunda fuwele ndogo mno, zipimwazo kwa nanomita. Milimita moja ni nanomita milioni moja. Unywele wa mtu una upana wa kama nanomita 80,000. Vifuwele vinavyozungumzwa hapa aghalabu huwa kati ya 5 na 20.

Njia iliyotumiwa zaidi yaweza kuitwa njia ya kudunga motoni. Chumvi ya chuma na klorini huwekwa katika chupa ya maabara yenye shingo tatu, pamoja na kimiminika cha asili ya mafuta ambacho kwa baridi huganda kama nta. Hewa hutolewa ndani ya chupa na badala yake huingizwa naitrojeni au agoni, kwa maana oksijeni ikikutana na chuma chenye moto matokeo ni kutu tu. Chupa hupashwa hadi kama nyuzi 220 za Selsiasi. Pembeni salfa imekwisha kuyeyushwa katika kimiminika kingine. Joto likishatulia, salfa yote hudungwa kwa bomba la sindano, kwa mkupuo mmoja.

Huo mkupuo mmoja ndio siri ya kazi. Mkulima wa miche ya kahawa anajua kwamba mbegu zilizosiwa siku moja huota pamoja na kukua sawa, lakini kitalu kilichosiwa leo kidogo na wiki ijayo kidogo hutoa miche mikubwa na midogo iliyochanganyikana. Ndivyo ilivyo katika chupa. Salfa ikiingia ghafla, mbegu za fuwele huzaliwa zote kwa wakati mmoja, salfa na chuma vilivyobaki vikatumika kuzikuza, wala hazizaliwi mpya. Baada ya muda, pengine saa kadhaa, chupa hupoozwa. Kilichomo ni uji mweusi. Jambo hili huwashangaza wengi: ile rangi ya dhahabu iliyowahadaa wachimbaji haipo tena, kwani chembe zikiwa ndogo kiasi hicho, humeza mwanga badala ya kuurudisha.

Baadaye huongezwa spiriti ili vifuwele vizame, na mchanganyiko hutiwa katika mashine izungushayo kwa kasi, iliyo jamaa ya ile ya kutenganishia malai katika vyama vya maziwa. Uchafu humwagwa, vifuwele huoshwa, kisha huyeyushwa tena katika kiyeyushi chepesi. Kinachopatikana ni wino. Wino huo waweza kupakwa juu ya kioo, au kunyunyizwa, au kuchapwa kama gazeti lichapwavyo, na hiyo ndiyo faida iliyotazamiwa. Kiwanda cha silikoni huhitaji tanuri za joto kali na mitambo ya mamilioni. Kiwanda cha wino kingeweza kuwa kidogo na rahisi.

Kuna mtego mmoja. Chuma na salfa huungana kwa namna nyingi. Atomi zile zile, kwa hesabu ile ile, zikipangwa kwa namna nyingine hutoa makasiti, ambayo haifai kwa kazi hii. Na salfa ikipungua hutoka pirotiti, ambayo huvutwa na sumaku. Macho hayawezi kuzitofautisha katika uji mweusi. Ni mpaka mionzi ya eksirei ipitishwe katika unga, na jinsi mionzi hiyo inavyopinda ndipo mpango wa atomi hujulikana. Sehemu kubwa ya jasho la miaka ile ilimwagika hapo, katika kupata pairiti tupu isiyo na ndugu zake.

Mwaka 2011 matangazo mawili yalitoka karibu pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine walieleza wino wa vifuwele vya pairiti na jinsi ya kuoka utando wake ndani ya mvuke wa salfa, kwa joto la nyuzi zaidi ya 500, ili vifuwele vishikamane. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Jinsong Huang na wenzake, walitia katika upishi wao kitu kiitwacho oksidi ya traioktilifosifini, ambacho huzishika atomi za chuma na za salfa zilizo juu ya ngozi ya kila kifuwele. Tando zao zilikaa hewani zaidi ya mwaka mmoja bila kuharibika. Zile zilizopikwa bila kitu hicho ziliharibika juu waziwazi. Waliona pia kwamba utando ulipitisha umeme zaidi sana ulipomulikwa kuliko ulipokuwa gizani.

MAHALI KAZI ILIPOKWAMA

Umeme hupimwa kwa mambo mawili, kama maji ya mferejini: wingi wa maji yapitayo, na kimo yanakotoka. Wingi ni ampea, kimo ni volti. Nguvu ipatikanayo ni vitu hivyo viwili vikizidishwa. Mto mpana uliolala juu ya tambarare hausagi nafaka.

Pairiti ni mto wa namna hiyo. Katika majaribio ya Berlin wingi wa elektroni ulikuwa wa kupendeza. Zaidi ya tisa katika kila fotoni kumi zilizomezwa zilileta elektroni yake nje. Lakini volti zilikuwa kama 0.2 tu, ilhali kwa pengo lake la nishati ingetazamiwa volti 0.5 hivi. Ufanisi wa juu kabisa uliopatikana huko ulikuwa asilimia 2.8. Hesabu za nadharia huruhusu hadi asilimia 30 na kidogo, na mabamba ya silikoni ya leo yauzwayo madukani huzidi asilimia 20. Watu walitumaini kwamba vifuwele, kwa kuwa safi na kuvikwa ngozi nzuri, vingeondoa kasoro hiyo.

Havikuiondoa. Mwaka 2012 kundi la Brian Korgel katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin lilitangaza kwamba limepika vifuwele safi vya pairiti, likavitia katika seli za jua za miundo mbalimbali ijulikanayo, na hakuna hata mmoja uliotoa umeme wa jua. Kichwa cha taarifa yao kiliuliza waziwazi kama pairiti ni tumaini au ni dhahabu ya wapumbavu. Inafaa taarifa ile isifiwe. Katika sayansi, kama katika vyama, watu hupenda kuandika mavuno na kuyanyamazia mashamba yaliyokauka. Taarifa ya Austin ilikuwa mfano wa taarifa ya mkaguzi wa hesabu iliyosomwa mkutanoni mwanzo hadi mwisho, pamoja na ukurasa usiopendeza, na iliwaokolea wengine miaka ya kurudia kosa lile lile.

Basi kasoro iko wapi? Kwa muda mrefu lawama ilitupiwa makasiti na uchafu. Majibu yaliyo na ushahidi zaidi yalitoka kwa watu waliorudi kwenye fuwele kubwa, moja moja, safi kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2014 kundi la Song Jin la Wisconsin lilionyesha kwamba ndani ya fuwele mna kasoro nyingi za kina, na kwamba hizo pamoja na hali ya ngozi ya juu ndizo ziipunguzazo volti. Kundi la Chris Leighton huko Minnesota, katika kazi zilizotoka kuanzia 2019, lilitoa ushahidi kwamba kasoro kuu ni nafasi tupu za salfa, yaani mahali ambapo palistahili kuwa na atomi ya salfa na hapana kitu. Kila pengo la namna hiyo huongeza elektroni zisizotakiwa. Tena uso wa fuwele huwa na tabia iliyo kinyume na ya ndani yake, hata likajengeka ukuta usiokusudiwa kati ya ngozi na mwili, na volti zikavujia hapo.

Kutokana na hayo yafahamika kwa nini vifuwele vidogo havikuwa dawa. Kadiri kitu kinavyogawanywa ndivyo ngozi yake inavyozidi kuwa kubwa kuliko mwili. Kifuwele cha nanomita 10 karibu chote ni ngozi. Ikiwa ugonjwa uko kwenye ngozi, mgonjwa amegeuzwa kuwa ngozi tupu. Hata hivyo kazi ya Minnesota haikuishia kwenye kutaja ugonjwa. Kwa kuweka salfidi ya kobalti mahali pa kuunganishia nyaya, waliweza kuukwepa ule ukuta wa juu na kuupima mwili wa fuwele wenyewe. Hatua hiyo inahusu vipimo vya maabara, wala haijazaa bamba la dukani.

MACHO YA MASHINE

Kazi ya kuhisi mwanga ni ndugu wa kazi ya kuzalisha umeme, lakini ni ndugu mwenye masharti mepesi. Seli ya jua lazima itoe volti zake yenyewe. Kihisi-mwanga hakilazimiki; volti huletwa na betri, na kinachotakiwa kwake ni kubadilisha kiasi cha umeme kipitacho pindi mwanga unapozidi au kupungua. Udhaifu ulioiangusha pairiti kama seli haumzuii kuwa shahidi wa mwanga. Na kwa kuwa pengo lake la nishati ni dogo, huona hata sehemu ya infraredi iliyo jirani na wekundu, ambako silikoni huanza kuwa kipofu.

Mwaka 2012 watafiti wa Taiwani walieleza kihisi cha namna hiyo kilichotengenezwa kwa wino wa vifuwele vya pairiti, chenye kuona kuanzia mwanga wa kawaida hadi infraredi ya karibu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas walieleza kingine kilichoona eneo pana la mwanga na ambacho pia kiliathiriwa na sumaku. Shida iliyobaki kwao ni umeme upitao hata gizani, kwa sababu ya elektroni zile zisizotakiwa. Kihisi chenye kunong'ona wakati wa giza hakiwezi kuusikia mwanga hafifu.

Wanachama wa vyama vya kahawa wasiione habari hii kuwa ya mbali. Katika viwanda vya kukoboa na kupanga kahawa, mashine za kuchambua kwa rangi huziangusha punje moja moja mbele ya vihisi-mwanga, na punje nyeusi au iliyochacha hupulizwa kando kwa hewa kabla haijafika chini. Vihisi vya infraredi hutumika vilevile kupima unyevu wa nafaka, kwa sababu maji huumeza mwanga wa aina hiyo. Daraja la mazao, na kwa hiyo malipo ya mkulima, mara nyingi huamuliwa na jicho la namna hii. Jicho hilo leo ni la silikoni au vitu vya gharama kubwa zaidi, na kama litapata siku moja kuwa la chuma na salfa, bei yake huenda ikakifikia hata kiwanda kidogo.

MABAKI YA KILEMBE

Husemwa mara kwa mara kwamba pairiti haina sumu, na kwa kuilinganisha na kadimiamu au risasi jambo hilo ni kweli. Lakini wenyeji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, wana la kusema. Mgodi wa shaba wa Kilembe, ulioanza uzalishaji mwaka 1956, ulitenga pairiti yenye kobalti na kuirundika karibu na mji wa Kasese, takriban tani milioni moja. Pairiti iliyorundikwa ikipata maji na hewa hutoa asidi ya salfa. Mvua za miaka mingi ziliiosha asidi hiyo pamoja na madini mazito, zikaitiririsha ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, ikaacha mkanda wa ardhi usioota nyasi. Tangu 1999 kampuni iliyoundwa kwa kazi hiyo iliitumia pairiti ile, ikiilisha bakteria wenye kuila na kuiachia kobalti, hata rundo likaisha.

Mfano huo unatajwa ili vitu viwili visichanganywe. Nusu gramu iliyofungwa kati ya vioo viwili ni kitu kimoja; rundo lililoachwa wazi mvuani ni kitu kingine. Chama chochote chenye wanachama wachimbaji wadogo, ambao mabaki yao ya kusafishia dhahabu yamejaa jiwe hili la manjano, kinafaa kuangalia mabaki hayo yamemwagwa upande gani wa kisima. Wala asiwepo wa kuyaweka akiba kwa kudhani kwamba wenye viwanda vya umeme wa jua watakuja kuyanunua: maabara zote zilizotajwa zilianza na chuma safi na salfa safi.

KUHUSU KUNUNUA AU KUNGOJA

Hakuna bamba la pairiti linalouzwa popote. Atakayefika ofisini mwa chama akisema analo, aulizwe hati ya vipimo kabla hajakaribishwa kiti.

Tena sababu iliyoifanya pairiti itamaniwe imepungua uzito, bila kosa la pairiti. Katikati ya miaka ya 1970 silikoni ya bamba iligharimu zaidi ya dola 70 za Marekani kwa wati moja. Kufikia 2020 bei ya kiwandani ilikuwa chini ya senti 30. Silikoni iliyokuwa ghali wakati Berlin walipoanza, na bado ghali wakati Berkeley walipopiga hesabu, imeshuka kwa sababu ya wingi wa viwanda, hata gharama kubwa ya mfumo sasa mara nyingi si bamba bali ni betri, nyaya na fundi. Chama kingojacho jiwe la bei nafuu kingeokoa sehemu iliyo ndogo tayari, na kwa miaka hiyo yote ghala lingekaa gizani. Wanaodhani kwamba utafiti huo ni upotevu wanakosea pia; ujuzi wa kupika vifuwele umetumika kwa vitu vingine vingi, na swali la salfa iliyokosekana mahali pake halijafungwa.

Kwa chama kilichoamua kununua, kipimo cha volti kiuzwacho katika duka la vifaa vya umeme kinatosha kwa ukaguzi wa kwanza. Bamba la kawaida liitwalo la volti 12 lina seli 36 za silikoni zilizofuatana, kila moja ikitoa kama volti 0.6, likiwekwa juani wakati wa adhuhuri bila kuunganishwa na kitu, kipimo kisome kati ya volti 21 na 22, au karibu na kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Likisoma pungufu sana, lirudishwe dukani siku hiyo hiyo pamoja na stakabadhi. Kwa volti 0.2 za pairiti, bamba hilo hilo lingehitaji seli 108.